Bastola za Plastiki na Bastola za Chuma: Tofauti Zilizopo na Umuhimu wa Namba ya Utambulisho

Katika taarifa za polisi za Afrika Mashariki, bastola zinazokamatwa mikononi mwa wahalifu hutajwa kwa majina ya viwanda vilivyozitengeneza: Ceska, Browning, Beretta, Glock. Picha zake zikitolewa, baadhi huonekana ziking'aa kama chuma kilichosuguliwa, na nyingine huwa nyeusi, zisizong'aa, mithili ya kifaa cha kawaida cha nyumbani. Hapo huzuka maswali. Je, hizo nyeusi ni za plastiki kweli? Je, ni hafifu kuliko za chuma? Je, zinaweza kupita katika mashine za ukaguzi bila kugunduliwa?

Maswali hayo yana majibu ya wazi. Kwa anayeibeba bastola, tofauti kubwa kati ya aina hizi mbili ni uzito na matunzo. Kwa jamii inayomzunguka, ipo tofauti nyingine ambayo haizungumzwi sana, nayo ni namna silaha inavyowekewa namba ya utambulisho. Chuma hupokea chapa na kuitunza kwa miaka mingi. Plastiki haifanyi hivyo kwa urahisi. Kwa nchi inayotaka kujua kila silaha iliingia lini, ilikabidhiwa nani na imefikaje kwa aliyenayo, jambo hilo si dogo.

Kiunzi ni nini

Bastola ya kisasa inayojipakia risasi yenyewe ina sehemu kuu nne. Ya kwanza ni mtutu, ambamo risasi hupita. Ya pili ni kitelezi, yaani kipande kirefu cha juu kinachorudi nyuma na kwenda mbele kila risasi inapofyatuliwa, kikitoa ganda tupu na kuingiza risasi mpya. Ya tatu ni magazini, inayohifadhi risasi ndani ya mpini. Ya nne ni kiunzi, ambacho wengi hukiita fremu. Hiki ndicho mwili wa bastola: kina mpini unaoshikwa na mtumiaji, kinabeba kifyatulio na mitambo yake, kinapokea magazini kutoka chini, na kina reli ambazo kitelezi hupita juu yake.

Msukumo mkubwa wa baruti inapolipuka hubebwa na mtutu na kitelezi. Kwa sababu hiyo, sehemu hizo mbili hutengenezwa kwa chuma cha pua katika bastola za viwandani za aina zote mbili. Kinachobadilika ni kiunzi peke yake. Kwa hiyo jina "bastola ya plastiki" halieleze ukweli wote. Usahihi ni kusema bastola yenye kiunzi cha polima, na polima hiyo kwa kawaida ni aina ya nailoni ngumu iliyoongezewa viimarishi.

Kiunzi kina umuhimu mwingine wa kisheria. Katika nchi nyingi, sehemu hii ndiyo inayobeba namba kuu ya silaha. Mtutu ukichakaa hubadilishwa, na springi ikilegea hubadilishwa vilevile. Lakini kiunzi kikibadilishwa, mbele ya sheria hiyo imekuwa silaha nyingine. Ndiyo maana malighafi ya kiunzi inagusa pia kazi ya msajili wa silaha.

Kutoka chuma cha pua hadi aluminiamu

Safari ya malighafi hizi inaonekana vizuri katika historia ya Jeshi la Marekani, ambalo katika muda wa karne moja limepitia aina tatu za viunzi. Mwaka 1911 jeshi hilo lilipitisha bastola iliyobuniwa na John Browning, inayojulikana kama M1911. Ilikuwa ya chuma cha pua kitupu, na uzito wake, ikiwa haina risasi, ulikuwa takriban kilo 1.1. Ilidumu kama bastola rasmi ya jeshi hilo hadi mwaka 1985.

Bastola za jamii hiyo ya chuma ndizo zilizoenea duniani kwa sehemu kubwa ya karne ya 20. Browning Hi-Power, iliyoanza kutengenezwa nchini Ubelgiji mwaka 1935, ilibeba risasi 13 na kutumiwa na majeshi mengi, likiwemo la Uingereza. Mwaka 1975 ilifuata CZ 75, kazi ya ndugu wawili, Josef na František Koucký, wa kiwanda cha Česká zbrojovka katika nchi iliyokuwa ikiitwa Czechoslovakia. Bastola hiyo ya chuma yenye uzito wa karibu kilo 1, pamoja na nyingine za kiwanda hicho, ndiyo chimbuko la jina "Ceska" linalosikika mara kwa mara katika habari za Kenya.

Chuma cha pua kina sifa mbili zilizokipa nafasi hiyo: ni kigumu, na hustahimili kuchongwa kwa vipimo vya karibu sana. Hata hivyo, ni kizito, na huota kutu. Askari anayebeba bastola kiunoni kwa saa nane au kumi huusikia uzito huo mgongoni na nyongani kabla hata hajaitumia silaha yenyewe.

Suluhisho la kwanza lilikuwa aloi ya aluminiamu, ambayo uzito wake ni karibu theluthi moja ya uzito wa chuma kwa ujazo uleule. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, jeshi la Ujerumani Magharibi lilitumia bastola ya Walther P1, iliyokuwa ile P38 ya zamani iliyopewa kiunzi cha aluminiamu. Uzito ulipungua, lakini udhaifu wa madini hayo ulidhihirika baadaye, kwani viunzi vya matoleo yaliyofuata vililazimika kuongezewa kipande cha chuma mahali palipokuwa pakibeba mshtuko mkubwa. Aluminiamu hustahimili matumizi ya kawaida bila tabu, ila huchoka mapema kuliko chuma inapopigwa mshtuko uleule mara maelfu.

Mwaka 1985 Marekani nayo iliiacha M1911 na kuchagua Beretta 92 ya Italia, iliyopewa jina la kijeshi M9. Kiunzi chake ni cha aloi ya aluminiamu na kitelezi chake ni cha chuma, na uzito wake bila risasi ni karibu gramu 950. Huo ulikuwa uamuzi wa kati: wepesi kidogo, bila kuachana na madini.

Polima yaingia

Bastola ya kwanza yenye kiunzi cha polima kuingia sokoni ilikuwa VP70 ya kampuni ya Heckler & Koch ya Ujerumani, mwaka 1970. Magazini yake ilibeba risasi 18. Kwa wakati wake ilikuwa hatua kubwa, lakini kifyatulio chake kilikuwa kizito kuvuta na haikupata wanunuzi wengi. Wazo lilikuwa sahihi, ila bidhaa haikuwavutia watu.

Mabadiliko makubwa yalitoka kwa mtu ambaye hakuwa na sifa ya kutengeneza bastola. Gaston Glock, mhandisi wa Austria aliyezaliwa mwaka 1929, alikuwa na kiwanda katika mji wa Deutsch-Wagram kilichotengeneza bidhaa za plastiki na chuma, zikiwemo fimbo za mapazia, na baadaye visu vya jeshi. Jeshi la Austria lilipotangaza kwamba linatafuta bastola mpya badala ya Walther za zamani, Glock aliwakutanisha wataalamu, akawauliza wanachokitaka, kisha akabuni silaha ambayo kiunzi chake kilimiminwa katika kalibu kama zinavyomiminwa ndoo na viti vya plastiki. Ndani ya polima hiyo vilipachikwa vipande vya chuma ili viwe reli za kitelezi.

Mwaka 1982 bastola hiyo, Glock 17, ilishinda majaribio dhidi ya bidhaa za makampuni makubwa ya Ulaya. Ilikuwa na sehemu 34 tu, ilibeba risasi 17, na uzito wake pamoja na magazini tupu ulikuwa takriban gramu 700. Norway na Sweden ziliifuata katika miaka ya 1980, kisha idara nyingi za polisi za Marekani. Januari 2013 Uingereza ilitangaza kuwa majeshi yake yanaiacha Browning Hi-Power baada ya kuitumia kwa zaidi ya miaka 40, na kuchukua Glock 17. Sababu zilizotajwa zilikuwa wepesi, usahihi wa kulenga na risasi 17 badala ya 13.

Marekani ilihitimisha safari yake Januari 2017 ilipochagua bastola ya SIG Sauer P320, inayoitwa M17 jeshini, yenye mwili wa polima. Karibu kila kiwanda kikubwa cha bastola sasa kinatengeneza viunzi vya polima, kikiwemo Česká zbrojovka, ambacho familia yake ya P-10 ni ya polima ilhali CZ 75 ya chuma bado inaendelea kutengenezwa.

Ulinganisho wa matumizi

Uzito ni jambo la kwanza ambalo mtu huligundua. Kati ya Glock 17 ya gramu 700 na CZ 75 ya gramu 1,000 kuna tofauti ya gramu 300 hivi, zote zikiwa na magazini tupu. Risasi moja ya milimita 9 ina uzito wa karibu gramu 12, hivyo magazini ya risasi 17 huongeza takriban gramu 200. Kwa maneno mengine, bastola ya polima iliyojaa risasi inaweza kuwa nyepesi kuliko ya chuma isiyo na risasi hata moja.

Wepesi huo una gharama yake. Silaha inapofyatuliwa, hurudi nyuma mkononi, na kadiri ilivyo nyepesi ndivyo inavyorudi kwa kasi zaidi. Risasi ya gramu 8 inayotoka kwa mwendo wa mita 360 kwa sekunde huisukuma bastola ya kilo 1 nyuma kwa kasi ya takriban mita 2.9 kwa sekunde; bastola ya gramu 700 husukumwa kwa takriban mita 4.1. Hesabu hiyo rahisi inaacha kando gesi za baruti na uzito wa risasi zilizomo, lakini inaonyesha kwa nini baadhi ya walenga shabaha wa mashindano bado hupenda chuma: bastola nzito hutulia mkononi na kurudi kwenye shabaha upesi. Polima nayo hupunguza makali hayo kidogo kwa sababu hunyumbuka, lakini haiufuti msukumo.

Jambo la pili ni kutu. Katika ukanda wa pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara na visiwa vya Unguja na Pemba, hewa ina chumvi na unyevu mwingi, na jasho la anayebeba silaha karibu na mwili huongeza tatizo. Kiunzi cha chuma kisichofutwa na kupakwa mafuta mara kwa mara huanza kuonyesha madoa ya kutu. Kiunzi cha polima hakioti kutu. Hata hivyo, huu ndio mtego unaowanasa wamiliki wengi: mtutu, kitelezi, springi na pini ya kufyatulia bado ni chuma. Anayedhani kwamba bastola yake haihitaji matunzo kwa sababu ni ya plastiki huiacha iharibike pale pasipoonekana kwa urahisi.

Jambo la tatu ni joto na jua. Nailoni ya aina inayotumika katika viunzi huyeyuka katika joto la takriban nyuzi 220 za Selsiasi, kiwango ambacho hakifikiwi na jua la Dodoma wala na gari lililofungwa vioo mchana kutwa. Mwanga mkali wa jua hudhoofisha plastiki nyingi kwa miaka, na unga wa kaboni unaochanganywa ndani ya polima huikinga. Hiyo ni mojawapo ya sababu za viunzi vingi kuwa vyeusi. Kinachohitaji hadhari zaidi ni kemikali, kwa kuwa baadhi ya viyeyusho vikali vinavyosafisha chuma bila madhara vinaweza kuiharibu plastiki. Mmiliki anashauriwa kutumia visafishio vilivyoelekezwa na kiwanda.

Jambo la nne ni gharama na ukarabati. Kiunzi cha chuma huchongwa kutoka kwenye pande la madini kwa mashine, kazi inayochukua muda na kuacha mabaki mengi. Kiunzi cha polima humiminwa kwa muda mfupi. Kalibu yenyewe ni ghali, lakini ikishatengenezwa hutoa maelfu ya viunzi vinavyofanana. Upande wa pili, fundi mwenye leseni anaweza kurekebisha reli ya chuma iliyochakaa au kupaka upya kiunzi kilichoota kutu. Kiunzi cha polima kilichopasuka hakichomelewi; hubadilishwa chote, na hapo ndipo swali la namba hujitokeza.

Kwa ujumla, hakuna aina iliyo bora kwa kila mtu. Anayebeba silaha kutwa nzima hunufaika na wepesi wa polima, na mlenga shabaha hunufaika na uzito wa chuma. Kuhusu madhara, risasi inayotoka katika mtutu wa moja haina tofauti na ya nyingine.

Dhana ya silaha isiyoonekana

Hofu kwamba bastola za polima hupita katika vifaa vya ukaguzi ina umri wa karibu miaka 40. Mwaka 1986 vyombo vya habari vya Marekani viliandika kwamba Glock 17 ingeweza kuingizwa ndani ya ndege bila kugunduliwa, na mjadala ukafika bungeni. Filamu za miaka iliyofuata ziliipamba hofu hiyo mpaka ikaonekana kama jambo lililothibitishwa.

Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya uzito wa bastola hiyo ni chuma, na mashine ya eksirei huionyesha kwa umbo lake kamili. Mwaka 1988 Marekani ilipitisha sheria inayokataza silaha ambazo haziwezi kugunduliwa, na kuweka kipimo cha chini kinacholingana na takriban gramu 105 za chuma. Bastola za polima za viwandani zilikivuka kipimo hicho kwa mbali, kwa hiyo hakuna hata moja iliyopigwa marufuku kwa sheria hiyo.

Kwa hiyo mwananchi hana sababu ya kuamini kwamba kiunzi cha plastiki humfanya mhalifu asionekane kwenye lango la ukaguzi. Changamoto halisi iko kwenye daftari la usajili.

Namba juu ya plastiki

Kila silaha halali ina historia inayoweza kufuatiliwa: kiwanda, nchi iliyoinunua, muuzaji, na mmiliki. Uzi unaounganisha historia hiyo ni namba. Mwaka 2005 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha makubaliano ya kimataifa ya kufuatilia silaha ndogo, yanayotaka alama iwekwe mahali panapoonekana bila kutumia kifaa, isomeke, idumu, na iwe juu ya sehemu ambayo ikiharibiwa silaha haifai tena, kama vile kiunzi.

Katika ukanda huu, Itifaki ya Nairobi, iliyosainiwa tarehe 21 Aprili 2004 na nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zikiwemo Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, inakwenda mbali zaidi. Inataka alama ya kiwanda iwe kwenye mtutu, kwenye kiunzi na, pale kilipo, kwenye kitelezi. Inataka pia silaha inayoingizwa nchini iwekewe alama inayoonyesha nchi iliyoiingiza na mwaka. Kituo cha Kikanda cha Silaha Ndogo, RECSA, chenye makao yake Nairobi, kimezisaidia nchi wanachama kupata mashine za kuweka alama hizo.

Katika chuma, kazi hiyo ni nyepesi. Chapa hugongwa au huchorwa kwa nukta ndogo zinazopigwa na ncha ngumu. Pigo hilo haliachi shimo tu. Hulibana na kulibadilisha umbile la madini yaliyo chini yake. Ndiyo maana, hata pale mhalifu anapoikwangua namba, wataalamu wa maabara mara nyingi huweza kuirejesha isomeke, kwa kuwa chuma huwa bado kinakumbuka pigo.

Polima haina kumbukumbu ya namna hiyo. Huinama inapopigwa kisha hurudi karibu na umbo lake la awali, hivyo nukta huwa hafifu na huweza kufifia kwa msuguano. Ikikwanguliwa, kuirejesha alama ni kazi ngumu zaidi. Kwa sababu hiyo, viwanda hupachika bamba dogo la chuma ndani ya kiunzi wakati wa kukimimina, na namba huandikwa juu ya bamba hilo. Katika bastola ya Glock, bamba huonekana upande wa chini, mbele ya kinga ya kifyatulio, na namba hiyohiyo hurudiwa kwenye mtutu na kwenye kitelezi.

Suluhisho hilo linatosheleza namba ya kiwanda, lakini si daima alama ya nchi. Bamba ni dogo na mara nyingi halibakizi nafasi ya kuongeza kitu. Kubandika bamba la pili baada ya silaha kufika bandarini hakusaidii sana, kwa kuwa kilichobandikwa hubanduliwa. Ripoti ya Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa ya mwaka 2014 kuhusu teknolojia mpya za silaha ndogo iliitaja polima miongoni mwa mambo yanayotatiza uwekaji alama, pamoja na silaha za vipande vinavyobadilishana.

Njia iliyo rahisi kwa serikali ni kulimaliza jambo hilo kabla ya silaha kuondoka kiwandani: mkataba wa ununuzi useme wazi kwamba herufi za nchi na mwaka wa kuingiza ziandikwe kwenye bamba kiwandani, zikifuatana na namba. Kiwandani ni kazi ya dakika chache. Baada ya shehena kufika, huwa ni mradi.

Hizo silaha za vipande vinavyobadilishana nazo zina somo lake. Katika SIG Sauer P320, mwili wa polima unaoshikwa mkononi hauna hadhi ya silaha kisheria. Namba iko kwenye sanduku dogo la chuma lenye mitambo ya kifyatulio, linaloonekana kupitia tundu lililoachwa ubavuni. Mtumiaji anaweza kubadilisha mwili wa nje kutoka mkubwa kwenda mdogo, na silaha ikabaki ileile mbele ya sheria. Mkaguzi asiyelijua hilo anaweza kutafuta namba pasipo nayo, au kuandika silaha moja mara mbili kwa sababu imebadilika sura.

Viunzi visivyo na namba

Wepesi wa kuunda plastiki umezaa pia hatari ambayo haikuwepo zama za chuma kitupu. Nchini Marekani yaliuzwa kwa miaka mingi maboksi yenye viunzi vya polima visivyokamilika, ambavyo mnunuzi alivimalizia nyumbani na kupata bastola isiyo na namba yoyote. Mwaka 2022 serikali ya nchi hiyo ilitoa kanuni ya kuvitaka viwe na namba na wauzaji wawe na leseni. Machi 2025 Mahakama ya Juu iliikubali kanuni hiyo. Tangu mwaka 2013, mashine za kuchapisha maumbo ya plastiki nazo zimeongeza wasiwasi huohuo katika nchi mbalimbali.

Silaha ya namna hiyo ikipatikana mahali pa tukio, mpelelezi hana pa kuanzia. Hakuna kiwanda cha kuandikiwa barua, hakuna muuzaji wa kuulizwa, wala daftari la kufunguliwa. Familia ya aliyedhurika hubaki na swali lisilo na jibu. Hapo ndipo thamani ya tarakimu chache zilizochorwa kwenye bamba la chuma huonekana wazi.

Wajibu wa mmiliki

Sheria za ukanda huu hazitofautishi plastiki na chuma. Nchini Tanzania, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na nchini Kenya, Sheria ya Silaha Sura ya 114, zinamtaka kila anayemiliki silaha awe na kibali au leseni halali. Mwishoni mwa mwaka 2018 Serikali ya Kenya iliwataka raia wenye leseni kujitokeza ili wao na silaha zao wahakikiwe upya, zoezi ambalo lisingewezekana kama namba zisingesomeka.

Kwa mwenye bastola ya chuma, inafaa kuangalia mara kwa mara kama namba haijafunikwa na kutu wala haijasuguliwa wakati wa kupakwa rangi upya. Kwa mwenye bastola ya polima, inafaa kujua bamba la namba liko wapi, kuhakikisha halijalegea, na kulinganisha namba ya kiunzi na ile ya kitelezi na ya mtutu. Zisipolingana, au zisipofanana na zilizoandikwa kwenye leseni, mahali pa kwenda ni kituo cha polisi, na mapema. Kiunzi kilichopasuka hakitupwi jalalani wala hakibadilishwi kimyakimya; mabadiliko yake hupitia kwa mamlaka ya usajili ili namba ya zamani ifutwe na mpya iandikwe.

Aidha, anayenunua silaha kutoka kwa mmiliki mwingine kwa taratibu za kisheria anapaswa kusoma namba kwa macho yake mwenyewe kabla ya kutia saini. Namba iliyokwanguliwa, bamba lililong'olewa au alama zisizolingana ni dalili kwamba silaha hiyo huenda ina historia ambayo mnunuzi mwema hataki kuirithi.

Bastola, iwe na kiunzi cha chuma kinachong'aa au cha polima nyeusi, hudumu kwa miaka mingi na inaweza kubaki baada ya mmiliki wake wa kwanza kufariki. Itapita kutoka mkono hadi mkono, kwa halali au kwa wizi. Kitakachowawezesha watakaoipata baadaye kujua ilikotoka ni namba iliyoandikwa vizuri na daftari lililotunzwa vizuri. Na vyote viwili vinategemea mmiliki, fundi, mwagizaji na msajili, kila mmoja kutimiza sehemu yake.